Jembe Ndani ya Pipa

Uvumilivu uliniisha jana, binti yangu aliporudi kutoka shule hapa Mumbuni akisema hatauliza kitu darasani tena. Aliona kitabuni picha ya manowari ya zamani ya Waitaliano, iliyofunikwa mabamba ya chuma, akauliza chuma kinaeleaje. Mwalimu akamwambia atupe jembe kwenye pipa la maji.

Ni mwalimu yuleyule aliyenifundisha mimi, na utotoni nilimuuliza swali hilohilo. Bado nasikia harufu ya kutu, jembe lisilo na mpini likigonga chini, darasa likicheka. "Haya, kapteni, limeelea?" mwalimu aliniuliza. Nikaamini mimi ndiye mjinga. Kumbe chini ya mabamba yale ya chuma kulikuwa na mbao, na hata sufuria tupu huelea. Miaka yote hiyo, na bado hajui.

Leo nimempelekea mwalimu mkuu malalamiko yangu: "Mwalimu huyu amjibu mtoto wangu, mbele ya darasa lilelile."