Breki Niliyomchagulia Baba

Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka siku baba yangu alipolitazama gari nililomtengenezea kwa miezi mitatu, akasema niliondoe machoni pake. Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Bariadi, na mteja akinikaripia namrudishia maneno yake kabla hayajapoa. Huyu hakuwa mteja. Nilibaki nimesimama na rimoti mkononi kama mtu aliyemwagiwa maji.

Baba alikuwa kwangu tangu apigwe kiharusi. Nilimleta kutoka kijijini kwetu, upande wa Mwandoya, baada ya kuruhusiwa hospitali. Mdomo ulirudi, mkono ukarudi, ila mguu wa kushoto ulibaki mzito. Muuguzi wa mazoezi hakunificha. Alisema mzee akiendelea kukaa kitini mpaka pamba ianze kuvunwa, mguu utakakamaa na hatasimama tena. Kila asubuhi nilimpa fimbo mkononi, na kila asubuhi aliiegemeza ukutani.

"Nitembee niende wapi?" aliniuliza.

Swali hilo nilikwenda nalo kazini.

Ndipo nikalikumbuka lori. Baba alikuwa dereva. Lilikuwa lori jekundu lililopauka, likibeba pamba kutoka vituo vya kununulia huko Bukundi hadi kiwanda cha kuchambulia. Kijijini hakuna aliyemwita kwa jina. "Mwadila, dereva!" ndivyo walivyomsalimu jioni, hata wazee waliomzidi umri. Lori lenyewe halikufika nyumbani, kwa sababu mbuga yetu nyeusi ikinyeshewa humeza hata ng'ombe. Liliachwa barabarani ng'ambo ya kijito, na baba akaja kwa miguu pamoja na utingo wake, mtu mwembamba asiyesema sana. Baba alipewa kiti. Utingo tulimkalisha kwenye kinu kilicholazwa, chai yake tukaitia kwenye kikombe cha bati. Siku moja, nikiwa na miaka tisa, nilimtuma akanichotee maji kisimani, naye akaenda bila neno. Walipoondoka tulitega masikio mpaka tusikie makofi mawili kwenye bodi la lori, ishara ya utingo kumwambia dereva kwamba njia iko wazi, halafu injini ikaguruma. Shuleni niliwaambia wenzangu: huyo ni baba anaondoka.

Basi nikaamua kumtengenezea lile lori, dogo, la kuendeshwa kwa rimoti, lakini lifanane na la kweli mpaka kwenye kutu. Niliwaza kwamba dereva hawezi kuliacha gari lake liende peke yake. Atainuka tu alifuate.

Bodi nililikata kutoka debe la mafuta ya kula, nikalipaka wekundu ule ule, nikalifunika turubai na kulipakia marobota madogo ya kitambaa yenye pamba ya kweli ndani. Chesi, yaani fremu ya chini, ekseli na matairi ya mpira yenye meno viliagizwa, vikaja kwa basi. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Vitu vya umeme ndivyo vilivyonitoa jasho, mimi ninayejidai sina cha kujifunza kwenye umeme.

Nilianza na kosa la tamaa. Muuzaji alinishauri kwa simu nichukue mota ya kisasa, isiyo na burashi, yenye nguvu za ajabu. Nikamsikiliza. Nilipoigusa rimoti mara ya kwanza, lori la pamba liliruka kama swala, likampita paka, likajipiga kwenye beseni la vyombo, na robota moja likatua kwenye bustani ya mchicha ya jirani. Nilishika kichwa. Lori la baba halikukimbia hivyo hata likiwa tupu linateremka. Bahati nzuri mzee alikuwa amelala.

Nikairudisha ile, nikatafuta mota ya kawaida ya burashi, iliyosukwa waya mizunguko mingi. Mota ya namna hiyo haina haraka. Inazunguka polepole na kusukuma kwa nguvu, gari linatambaa jiwe moja baada ya jingine, na mimi nilitaka mwendo wa mzee mwenye fimbo. Ikafuata sevo, ile mota ndogo inayokata kona. Ya kwanza ilikuwa na meno ya plastiki, yakakwanguka siku ya pili tairi liliponasa kwenye ufa wa mwamba. Nikanunua yenye meno ya chuma, nayo ikaja na balaa lake: kila ilipokaza, lori zima lilizimika, kisha likaamka. Siku mbili nilimlaani mtengenezaji, kumbe kosa ni langu. Sevo yenye nguvu ilinyonya umeme wote, na risiva, inayopokea amri za rimoti, ikabaki na njaa. Nikaipa sevo saketi yake ndogo ya kushusha volti, moja kwa moja kutoka kwenye betri, ugomvi ukaisha.

Lakini kitu nilichokichagua kwa moyo wote ni kontrola, kile kisanduku kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota. Kontrola za kawaida, ukiachia kidole mlimani, gari linarudi nyuma. Niliyoichukua mimi ina breki ya kujishikilia. Ukiachia, mota inajikaza na gari linaganda pale pale, hata likiwa na mzigo. Nilizikumbuka hadithi za baba, jinsi lori lao lilivyokaa miaka bila breki ya mkono, na jinsi utingo alivyoruka na gogo kulizuia tairi kila waliposimama mlimani. Nikasema moyoni, safari hii hatamhitaji utingo. Nilijisifu, nasema kweli. Nilijisifu peke yangu kwenye kibanda changu huku nikichomelea waya.

Mbele ya nyumba yangu pana kifusi cha moramu kilichoachwa na watengeneza barabara. Siku ilipofika nilimkalisha baba karibu nacho, nikaliwasha lori. Alipoliona, aliinama mbele kitini. Alilitambua. Nililipandisha polepole mpaka katikati ya kifusi, likinguruma kidogo, marobota yakiyumba, nikaona mkono wake unasogea kwenye paja kama anayetafuta kitu. Nikafurahi. Nikaachia kidole. Lori likaganda mlimani kama lililopigiliwa misumari.

"Umeona, baba? Halirudi nyuma! Linajishika lenyewe!"

Uso wake ulijifunga. Sijui nisemeje vinginevyo. Alilitazama tairi la nyuma kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Liondoe machoni pangu." Akageuza kichwa.

Asubuhi yake nilimpelekea uji barazani, mbele ya nyumba. "Mwangaluka, baba," nikamsalimu. Akaitikia, akalishika bakuli bila kuunywa.

"Mayu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, "gari lako ni zuri. Ila halina kazi ya mtu."

"Kazi ya dereva ipo. Rimoti ni yako."

"Yaya," akakataa kwa kichwa. "Mimi sijawahi kuendesha."

"Hili? Nitakufundisha."

"Gari lolote, mayu. Hata siku moja."

Nilicheka. Nilidhani kiharusi kimerudi kinamchezea akili, nikaanza kuitafuta simu nimpigie muuguzi. Yeye akauinua mkono wa kulia, akanionyesha kidole cha pili kilichopinda, ambacho tangu utoto tuliambiwa kilivunjwa na gia.

"Hiki kilivunjwa na gogo," alisema. "Lori lilirudi, nami nikachelewa kutoa mkono. Utingo nilikuwa mimi."

"Na yule mtu mwembamba?"

"Yule ndiye dereva."

Nikakaa sakafuni pale pale. Akanieleza bila kunitazama. Alipokwenda kumposa mama, babu alisema hamtoi binti yake kwa mtu wa kubeba magogo. Yule dereva alikuwa rafiki yake. Akamwambia, waambie wewe ndiye dereva, mimi kwa wakwe zako nitakuwa utingo. Walidhani ni uongo wa siku moja. Lakini ng'ombe wa mahari walishapelekwa, kijiji kizima kilishamwita dereva, na uongo ukawa unakuja nyumbani naye kila msimu, unakalishwa kwenye kinu, unapewa chai ya kikombe cha bati. Miaka yote, mpaka yule mtu alipozeeka akarudi kwao.

"Mama alijua?"

"Wiki ile ile ya harusi. Alinishika viganja, akasema usukani hautoi sugu za namna hii. Halafu akaniita dereva mbele za watu mpaka anakufa."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa ndefu kutoka Bukundi hadi kiwandani, na ilipita katikati ya maisha yangu. Nilimkumbuka yule mtu mwembamba akirudi kisimani, ndoo begani, nami kitoto cha miaka tisa nikimwambia amechelewa. Dereva mzima! Nilijisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha nikakasirika, sitaki kujisafisha. Nilimwacha na uji wake, nikaenda kibandani bila kuaga.

Siku hiyo niliharibu kazi. Niliichoma saketi ya simu ya mwalimu mmoja kwa pasi ya kuyeyushia risasi, jambo ambalo halijanitokea tangu nikiwa mwanafunzi. Nilijisemea kwamba mzee ameona haya, ameogopa nitamkabidhi rimoti aumbuke. Lakini nilipokuwa nimeinamia ile simu iliyoungua, ulinijia uso wake wa jana. Hakuwa ameitazama rimoti hata mara moja. Alilitazama tairi la nyuma. Na ule mkono uliokuwa ukitafuta kitu kwenye paja ulianza kutafuta wakati lori linapanda, ukaacha lilipoganda. Nikaweka pasi chini. Nilikuwa nimemnunulia baba breki, nikamfukuza kazi.

Nilifunga kibanda mchana kweupe. Njiani, kwenye shamba linalopakana na barabara, pamba ilishaanza kupasuka, nyeupe huku na huku, na maneno ya muuguzi yakanichoma.

Ile kontrola ina kidaraja cha plastiki, kidogo kama punje ya mtama, kinachoiambia breki ifanye kazi au isifanye. Nilikivuta kwa kibano, nikakitupa kwenye kopo la skrubu. Chini ya marobota nikapakia moramu mpaka springi zikalala. Baba alikuwa pale pale barazani, kitini, fimbo ukutani. Nililiweka lori chini ya kifusi, nikalipandisha. Lilipanda kwa shida, likalalamika, likafika katikati. Nikaachia.

Kwanza lilisita. Kisha likaanza kurudi nyuma, polepole, halafu si polepole.

"Gogo!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu augue, na naapa nilidhani kuna mtu mwingine pale nje. Baba alikuwa amesimama. Sikumwona akisimama, nilimwona tu yuko juu, kisha anakwenda, mguu wa kushoto unaburuta moramu, hatua tatu, nne, sita, bila fimbo, bila ukuta. Wala sikuona ni wapi aliokota lile jiwe. Alipiga goti, akalisukumiza nyuma ya tairi la kulia na kuutoa mkono haraka, haraka sana kwa mtu wa umri wake, na lori likagonga jiwe likasimama.

Alibaki pale amepiga goti, anahema. Nilidhani ameanguka. Nilidhani nimemuua baba yangu kwa debe la mafuta.

Akauinua mkono wenye kidole kilichopinda, akalipiga bodi la bati makofi mawili. Akasubiri. Mimi nilibaki nimeishika rimoti bila kuibonyeza. Akageuka kunitazama, amekunja uso, uso wa mtu anayecheleweshwa kazini.

"Dereva," akasema, "unangoja nini?"