Mizani ya Ghala la Posho

Feza alikuwa mshonaji wa mtaa wa Kamalondo, mke wa mfanyakazi wa tanuru la shaba, mwanamke mwenye mwili mkubwa. Nilipomfahamu, ugonjwa wa sukari ulikuwa umeanza kumwibia macho. Bila mpango wa chakula angepofuka, na charahani haiendeshwi kwa kupapasa.

Mizani ya zahanati ilikuwa ndogo mno kwake. Wauguzi wakampeleka ghala la kampuni, kwenye mizani ya posho, mgawo wa kila mwezi wa unga wa bukari, yaani ugali wetu. Huko citoyen Bwalya, kama tulivyoitana raia enzi zile, mtunza ghala, alizoea kutangaza uzito wa kila gunia ili foleni isikie na asipunjwe mtu. Feza alipopanda, akatangaza vilevile. Idadi ile siiandiki. Ilikwisha kutajwa vya kutosha.

"Mama, weye peke yako uko posho ya mwezi," mmoja akasema, foleni ikacheka.

Zahanatini, muuguzi Chileshe hakuinua hata macho. "Punguza bukari, mama. Bantu banene habana disiplini." Ni elimu gani ya afya hii, inayoanza kwa kumtweza mgonjwa kwa unene wake?

Tangu hapo Feza akawa anasikia sauti. Ilikuja adhuhuri, kila charahani iliponyamaza: mtu uani akizitaja kilo zake, polepole. Uani hapakuwa na mtu. Akaacha kula kabisa. Mwili ukapungua, lakini kilo zilizotajwa zikazidi kupanda. Nilipomtembelea nilimkuta ameanguka juu ya kitenge alichokuwa akikipinda.

"Sirudi kule," aliniambia. "Batanitangaza tena."

Mimi ndiye niliyekuwa mshauri wa lishe pale zahanatini. Nilidai ufunguo wa ghala siku isiyo na posho, nikafunga mlango, nikageukia ukuta. Feza alipanda, akajisomea mwenyewe, akashuka. Kisha tukaketi juu ya magunia, nikamwuliza anapenda kupika nini.

"Mawese nitapunguza. Lakini sombe siachi."

"Usiache, mama. Majani ya muhogo hayana kosa."

Anashona hadi leo, na uzi anautunga mwenyewe sindanoni. Sauti haikumrudia.

Aliyenijia baadaye, saa sita mchana, ni Bwalya, mtu mwembamba kama ufito, jasho likimtiririka.

"Mama, kule ghalani kuko muntu anataja kilo zangu. Kila siku zinapunguka."

Nilimpa kiti, kisha nikafunga mlango.