Shavu la Kushoto

Mshonaji wa Kikongo aliyepanga chumba kando ya changu, huku ugenini mtaa wa Berea, alikuwa hajamtumia mama yake picha kwa miaka minne. Jiko la mafuta ya taa lilimlipukia, likamuunguza shavu la kushoto hadi shingoni. Mama yake, aliyebaki Lubumbashi, hakuambiwa. Kila akiomba kumwona kwenye simu, binti hujibu kamera imeharibika.

Jumapili moja, akitoka kanisani, alibisha mlangoni kwangu. Mimi hupiga picha za pasipoti, na harusi za Watanzania wenzangu kule mtaa wa Mayfair.

"Kaka, mama anapasuliwa keshokutwa," alisema. "Anataka kuona sura yangu kabla. Nipige."

"Nikugeuze upande?"

"Hapana. Yote."

Nilitundika shuka jeupe. Nyuso nimepiga nyingi bila kuwaza, lakini siku ile nilipanga taa mara mbili. Nikamwambia, dada, kovu naweza kulifuta kwa kompyuta, dakika moja tu.

"Halafu mama atakuwa amemwona nani?"

Kwa aibu nikarudi nyuma ya kamera.

Alikaa, mikono magotini, kidevu juu. Kila nilipotaka kubonyeza, machozi yalimjaa, tukasubiri, akajipangusa. Mara ya tisa picha ikakubali. Nikamhamishia kwenye simu yake, akaituma palepale. Alama mbili zikageuka bluu: mama ameiona.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nawaza presha ya mwanamke nisiyemjua, na kwamba kidole kilichobonyeza ni changu.

"Nimemuua," alisema, akaketi sakafuni.

Jibu lilikuja baada ya saa nzima, ujumbe wa sauti. Alinipa simu niufungue mimi, yeye akaziba masikio. Mama hakusalimu. Alikuwa analia kwa hasira: "Nani alikuogesha? Nani alikulisha? Miaka minne unanifanya mjinga!" Kisha pumzi ndefu, na sauti ikashuka: "Bado kunauma?"

Nilimtoa mikono masikioni, nikaurudisha ujumbe mwanzo.

Mama alipasuliwa, akapona, ila wiki mbili hakumsemesha binti yake. Hasira ilipompoa, alimpigia mwenyewe. Sasa wanaonana kwenye simu mara kwa mara, na ukuta wetu ni mwembamba: nasikia jinsi wanavyogombana, mama akitaka kujua dawa aliyopaka, mshonaji akisema, "Mama, basi, nitakuonyesha," kisha kiti chake kikiburutwa hadi dirishani, mama alione kovu kwenye mwanga.