Taa ya Samaki wa Yusto

Asubuhi ile bado naiona, Mwanangu, na juzi nilipokukuta unaipiga makofi taa ya tangi la samaki wako, niliiona zaidi. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mbele ya tangi kama hilo lako, waya mkononi, nalia.

Nilikuwa mkamwana mpya pale Kasulo, sina hata nusu mwaka tangu niolewe. Kijiji nacho kilikuwa kipya. Watu tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, vidirisha vya mbao, ndani giza hata mchana. Mume wangu Yusto alikuwa fundi wa malori. Tangi alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya madirisha ya stoo iliyobomolewa, akatia perege watano wadogo aliowaleta kwa ndoo kutoka mto Kagera, upande wa Rusumo, pamoja na majani ya majini. Juu yake alifunga globu ndogo ya lori, imekaa ndani ya holda, kikombe chake cha shaba, ikiwaka kwa betri kuukuu.

"Majani yakikosa mwanga yanaoza," aliniambia, "na yakioza, maji yanaua samaki."

Majirani walitucheka sana. Mmoja alikuwa akipita na kuni zake anasema, "Samaki wa kwenu wana umeme, sisi wenye miguu tuna koroboi!"

Kisha vita vya Kagera vikaja, Yusto akaitwa. Siku ya kuondoka hakujua la kuniambia, maana naye alikuwa na haya kama mimi. Akaonyesha tangi kwa kidole. "Watunze hawa. Nikirudi niwakute." Nilielewa kwamba hasemi juu ya samaki peke yao.

Tuliagizwa tusionyeshe mwanga jioni, kwa kuogopa ndege za adui. Basi mimi nikawa nalifunika tangi zima kwa blanketi, taa ikiwaka humo humo ndani, nikijiona nina akili. Baada ya wiki chache taa ikaanza kupepesa. Kisha ikafa.

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Baba mkwe alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake. Hakukuwa na mtu kijijini aliyejua betri na taa kumshinda. Lakini kwetu mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe akamtazama usoni na kumweleza shida zake. Maneno yetu hupitia kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa amekwenda Keza kumwuguza binti yake aliyejifungua. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilimpelekea chakula, nikaweka chini, nikarudi jikoni.

Nikaanza kutengeneza peke yangu. Nilibadilisha globu, nikakata waya, nikaunga upya, nikageuza betri, vyote kwa siku moja, hata nisijue kipi kimefanya nini. Majani yakalegea, maji yakanuka. Nikazika samaki wawili chini ya migomba. Asubuhi ile ninayokusimulia, wa tatu alikuwa anaelea.

Nikasikia kikohozi mlangoni. Baba mkwe aliweka kigoda kizingitini, akakaa akitazama barabarani, mgongo kwangu.

"Nyie samaki," akasema, "hamjambo?"

Nikaweka waya chini.

"Nauliza samaki. Wana adabu au hawana?"

"Wanasema shikamoo, baba," nikajibu kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mbona kuna mtu analia huko kwenu?"

"Wanasema taa imekufa."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya nane."

Akapiga paja. "Siku nane! Na dereva mzima yuko nje anamenya mihogo! Samaki gani hawa, wana haya kuliko bibi harusi?"

Nikacheka na machozi yangu.

"Haya, samaki, mwambieni huyo aache vingine vyote. Achukue globu na waya mbili fupi, aiguse kwenye betri yenyewe."

Nikagusa. Ikawaka.

"Wanasema imewaka!"

"Basi betri ni nzima na globu ni nzima. Hao tusiwasingizie tena. Sasa aguse kwa ile waya ndefu."

Ikawaka tena.

"Kimebaki nini?"

"Holda."

"Achungulie ndani."

Nikachungulia. Mlikuwa na kutu ya kijani kama ya sufuria ya shaba iliyosahaulika. Akauliza tangi linafunikwa na nini, nikasema blanketi. Akacheka polepole. "Mvuke wa maji unapanda, unakosa pa kutokea, unalala ndani ya holda." Akarusha kipande cha msasa juu ya bega lake bila kugeuka. Nikasugua mpaka shaba ikang'aa, nikarudisha globu, na perege wawili waliobaki wakasogea kwenye mwanga.

Ndipo akasema nami mwenyewe, bado mgongo kwangu: "Adabu yako nimeiona, mwanangu, na ni nzuri. Lakini adabu haikukuambia uache samaki wa Yusto wafe. Ukishindwa, kohoa tu. Nitakuja."

Yusto alirudi vita vilipoisha. Nilimweleza ukweli juu ya wale watatu, hakunilaumu. Alikaa mbele ya tangi kutwa nzima, siku baada ya siku, hashiki spana, haongei na mimi wala na baba yake. Niliogopa kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka. Na haya zangu zikaniambia ninyamaze tena.

Alasiri moja nikachukua kigoda cha baba mkwe, nikakaa kizingitini, nikampa Yusto mgongo.

"Nyie samaki," nikasema, "hamjambo?"

Lori likapita barabarani, vumbi likatua. Nikataka kuinuka.

"Wanasema hawajambo," Yusto akajibu nyuma yangu. "Ila wamechoka."

Tulianzia hapo.

Sasa, Mwanangu, taa yako usiipige. Ya kwako ni ya umeme wa nyumbani, kwa hiyo chomoa kwanza na ukaushe mikono. Kisha jaribu kitu kimoja kimoja, na kilichoonekana kizima ukiache. Tazama mahali mvuke unapolala. Na ukishindwa, usingoje siku nane, hata kama mwenye kujua unamwonea haya. Hata mtu wa nyumbani mwako akizimika, anza hivyo hivyo, taratibu, kwa swali dogo.

Mungu akuangazie nyumba yako na wote waliomo, na kila utakapokohoa, awepo wa kusikia.