Marahaba Niliyoitikia

Kitabu kile kila aliyepita shule za huku kwetu anakijua. Ndugu wawili wa kike wa Umatumbini, vita vya Maji Maji vinawakuta wangali wasichana. Wajerumani wanachoma maghala, njaa inaingia, mkubwa anabaki milimani na mama mgonjwa, mdogo anateremka Rufiji kutafuta chakula. Mwishoni wanakutana ukingoni mwa mto. Nilikisomesha kwa miaka mingi hapa Kibiti, nikawachapa watoto wa watu kwa kutokikariri. Kwa hiyo niliposikia kwamba inatengenezwa filamu mpya ya kitabu hicho, na kwamba wanatafuta mtu wa kuwarekebishia lugha na mila, nilivaa gauni langu la Idi nikaenda kujitambulisha.

Waliniuliza kama nakijua Kimatumbi. Nikasema nimezaliwa nacho. Ni kweli nilizaliwa nacho, ila nilikiacha njiani kabla sijamaliza darasa la saba, na sasa kilichobaki hakitoshi hata kuombea maji ya kunywa.

Anayekijua ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka sita, anayekaa Mtunda. Yeye aliishia darasa la tatu. Baba alitaka mmoja wetu akae shambani kuamia ndege, asije akavuna makapi, na dada akasema atakaa yeye ili mimi nisome. Akakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya mpunga, akipiga kelele tangu alfajiri mpaka jua linazama. Likizo nilipanda huko na kitabu kile, nikamsomea. Nilisoma ukurasa, tukafukuza ndege, nikasoma mwingine. Kusoma hakujua vizuri, lakini kitabu alikihifadhi chote, na aligombana na mwandishi wake kama mtu anayegombana na jirani.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ule mwisho. Kitabuni, ndugu wale wakionana wanakumbatiana na kulia. Dada alikasirika kila nilipofika hapo.

"Uwongo huo!" alisema. "Mdogo hawezi kumrukia mkubwa wake shingoni. Atapiga goti kwanza, amwamkie, aitikiwe. Wangekuwa wamebaki mifupa mitupu, salamu kwanza. Weye ungenirukia miye?"

"Ningekuamkia, dada."

"Haya. Soma."

Basi kazi ya filamu nikaifanya hivi. Alasiri nilipanda bodaboda mpaka Mtunda na maneno ya waigizaji, dada akaniambia bibi yetu angeyasemaje, nami nikayaandika. Asubuhi niliyapeleka kwa muongozaji kama yangu. Hata lile la goti na salamu nililipeleka. Muongozaji, kijana wa Dar es Salaam, alipiga makofi. "Mwalimu, hii noma! Hii ndiyo roho ya filamu nzima." Nikatabasamu kwa unyenyekevu wa kujifanya. Wasomi waseme wanavyotaka kama salamu ile ilikuwapo milimani enzi hizo, mimi nilishasifiwa.

Dada hakudai kitu. Aliomba jambo moja tu, nimpeleke akaone kitabu chake kikitengenezwa. "Nikae pembeni tu, mdogo wangu. Nione na mwisho wao." Nikamwambia kesho. Kesho yake nikasema wanakarabati mitambo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Angefungua mdomo mara moja tu, na kila mtu pale angejua ninakochota.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa siku ile ile ya tukio la mwisho, ukingoni mwa mto, waigizaji wameshapakwa vumbi. Nilimwona anashuka kwenye pikipiki, kanga mbili, ndala zenye kamba ya kushonea, akajitwika kichwani kikapu cha pepeta, mpunga mchanga aliokwisha kuukaanga na kuutwanga mwenyewe. Alikuwa anacheka kwa furaha. Ameniletea mimi na wenzangu tufungue kinywa.

Muongozaji akaniuliza, "Huyu mama ni nani, Mwalimu?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujibu vizuri. Sikubabaika, ulimi haukuteleza, hakuna wa kumsingizia. Nilisema, "Ni mama mmoja wa vijijini huko, anauza pepeta."

Dada alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Kicheko kikamwisha usoni. Akanitazama, akamtazama kijana, akaelewa. Dada yangu huelewa upesi, ndiye aliyestahili kusoma. Akatua kikapu chini, akakunja goti mbele yangu, mbele ya watu wote, na akasema:

"Shikamoo, Mwalimu."

Mkubwa wangu. Aliyenibeba mgongoni. Alikuwa ananisitiri, ananisaidia uongo wangu usimame. Watu walikuwa wanatazama, na mimi nikafungua kinywa.

"Marahaba," nikasema. "Hujambo?"

"Sijambo." Akagawa pepeta kwa kila mtu, akarudi kwenye pikipiki. Hakungoja kuona ndugu wale wakikutana.

Filamu ilipokamilika waliileta Kibiti, wakaionyesha ukumbini jioni, mapazia yameshushwa. Nilimtumia dada nauli, hakuja. Mwisho ukafika. Mdogo anamwona mkubwa wake ng'ambo ya mto, anavuka, anapiga goti kwenye tope, anaamkia. Wanawake ukumbini wakaanza kulia. Jina langu likapita kwenye kioo, mshauri wa lugha na mila. Wanafunzi wangu wa zamani wakageuka kunipigia makofi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado nikawapungia mkono.

Kesho yake nikaenda Mtunda. Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu ya kuomba radhi, lakini nilipomwona nikapiga goti pale pale kwenye pumba.

"Shikamoo, dada."

Ungo haukusimama. Akapepeta, akapuliza, akaokota jiwe, akalitupa.

"Tulishasalimiana, Mwalimu," alisema. "Siku ile kule mtoni. Na uliitikia vizuri."

Kisha akanisogezea kigoda, kama anavyomsogezea mgeni yeyote, akaniuliza kama nitakunywa chai.