Eda ya Bi Mwanamize

Mwanamize alizaliwa Ng'ambo, mjini Unguja, ambako maji yalitoka mferejini, mtu akifungua bomba, na jirani aliweza kuhama bila kuaga. Mwaka 1958 mumewe Silima, seremala, alirithi mikarafuu ya baba yake, akamchukua yeye na cherahani yake mpaka Kwamfumu, mji mdogo wa Pemba juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Pujini. Kwamfumu kuna msikiti wa mawe ambao hakuna anayejua aliujenga nani, makaburi ya kale yaliyomeguka, na nyumba zipatazo arubaini za udongo. Kisima kiko chini bondeni.

Mwezi wa pili tangu wafike, Bi Moza, jirani yao wa mlango kwa mlango, alifiwa na mama yake. Mwanamize alikisikia kilio alfajiri. Akafanya alivyofunzwa mjini: aliwaacha wenyewe wamalize shughuli zao, na siku ya tatu akavaa buibui lililopigwa pasi, akaenda kwenye khitma na sinia ya halua. Hakujua kwamba Kwamfumu mwanamke akisikia kilio hujitwika debe kwanza, nani aliyekufa atauliza baadaye. Maji ya kumwoshea maiti, ya kupikia, ya wanaume kutawadhia, yote hupandishwa kilimani na vichwa vya wanawake. Madebe yalipanda siku ile mpaka adhuhuri, na kila aliyepita aliuona mlango wa Mwanamize umefungwa.

Hakuna aliyemwambia neno. Walimpisha mkekani, wakaisifu halua. Silima, ambaye siku ya msiba alikuwa safarini Konde kutafuta mbao, hakuulizwa wala hakuuliza. Miaka miwili Mwanamize aliwashonea nguo, wakicheka naye vizuri.

Msimu wa karafuu wa 1960, tawi lilikatika na Silima akaanguka. Alikata roho kabla hajafikishwa nyumbani. Wanaume walikuja, maana maziko ni faradhi. Wakateka maji wenyewe, jambo ambalo mji ule haukuwahi kuliona, wakamzika kabla ya alasiri. Wanawake hawakutoka majumbani mwao. Siku ya tatu walifika wote kwa pamoja, mabuibui yamenyooka kwa pasi, kila mmoja na sinia yake ya halua. Sinia kumi na saba. Halua haipikwi Kwamfumu. Mtu alikwishatumwa mjini Chake kuifuata.

Walipoondoka, Bi Moza alibaki nyuma.

"Tumekuja kama mnavyokwenda kwenu, mwenzetu," akasema.

Hapo ndipo Mwanamize alipofahamu. Akabaki na jambo moja tu alilolitaka: kukaa eda ya Silima ndani ya nyumba ya Silima, miezi minne na siku kumi, asipatikane wa kusema kwamba mjane wa mjini hakumlilia mumewe. Lakini mwenye eda hatoki. Majirani ndio humletea maji. Mtungi wake ulikauka siku ya tano. Shehe Hija, imamu wa msikiti ule wa mawe, aliyeulizwa kupitia dirishani, alijibu kwamba sheria inamruhusu kutoka mchana kwa dharura, na kiu ni dharura.

Akateremka saa sita, jua la utosi, amejifunika gubigubi, akitumai hatomkuta mtu. Aliwakuta wanawake. Wakamsalimia salamu kamili, wakampa pole, kisha wakajitwika wakamwachia kisima peke yake. Kesho yake vivyo hivyo. Ikawa hivyo mpaka mwisho.

Siku eda ilipotimia, alingoja wanawake waje kumtoa, kumwosha na kumvika kanga mpya. Jua lilipopanda, akaoga mwenyewe, akavaa, akafungua mlango. Bi Moza alikuwa barazani kwake mwenyewe, anapeta mchele.

"Shikamoo, Bi Moza. Nimetoka eda."

"Marahaba. Eda gani, mwanangu?" Ungo haukusimama. "Mwenye eda haonekani kisimani. Weye yako haijaanza."

Akamweleza polepole, kama anayemsomesha mtoto, kwamba siku atakayokaa ndani asitoke, ndiyo siku watakayoanza kumhesabia.

Mwanamize hakutaja jina la Shehe Hija. Akauliza gari la Mkoani, kwenye meli ya Unguja, hupita Pujini siku gani.

Bi Moza akaweka ungo chini.

"Kesho," akasema, kwa sauti njema kabisa. "Uondoke mapema, lisije likakuacha."