Leso Moja Haitoshi

Mawazo ya kazi zangu za sanaa nayatoa kwenye hifadhi ya historia ya mashoga na waliobadili jinsia kama mimi, hapa Toronto. Juzi nilifungua boksi humo nikakuta leso moja, kanga ya kujifunga. Lebo yake ilisema ni bendera ya maandamano, na kwamba mwenye leso aliishi peke yake. Nilicheka mpaka mhifadhi akaniangalia juu ya miwani. Peke yake wapi? Leso huuzwa doti, mbili kwa pamoja. Ukikuta moja, ujue nyingine ilikatwa akapewa mtu, na mtu huyo alipendwa.

Nikachapa doti nzima isiyokatwa, yenye maua yaleyale ya leso ile, nikapanda basi la Scarborough kwenda kwa mama, nikichekacheka njia nzima kama mwehu. Mama, ambaye tangu nianze kuvaa magauni haniiti mwanangu wala jina, ila "wewe", alikagua pindo. Kisha akaleta mkasi, akaikata doti katikati, leso moja akajifunga, nyingine akanirushia.

"Jumamosi kuna harusi," akasema. "Mimi na wewe sare, na tutakaa upande wa wanawake."